Makomeo ya Nyumba ya Kodi

Hofu si komeo.

Ndiyo methali aliyoitumia Kihiyo asubuhi hii, na aliitumia vibaya. Zaina alikuwa amesema kwamba madirisha ya chumba hiki yatiwe mbawa mpya za mbao, kwa bawaba na misumari mipya, kabla mvua za mawe hazijaanza, na kabla wale walioiba mashine ya fotokopi kule sokoni hawajapanda mlima kutafuta nyingine, hii ya humu ndani. Kihiyo akacheka, akamwambia, "Hofu si komeo, dada. Ukiishi kwa kuogopa utajifungia mpaka pua." Kisha nyote mkanigeukia mimi, niliyekuwa nasoma gazeti langu bila kumsumbua mtu, mkaniuliza msemo huo umetoka wapi.

Kwa kawaida swali kama hilo silijibu. Methali nyingi hazina baba anayejulikana, na wengi wanaosimulia asili zake huzitunga papo hapo wakiwa wanasimulia. Nilikuwa karani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mahakamani huulizi habari ni tamu kiasi gani. Unauliza nani alikuwepo. Lakini hii moja ina mama, ina mtaa, na ina madirisha matatu ambayo nyinyi mmeyaegemeza mabegi yenu. Nami nilikuwepo. Kwa hiyo kaeni, nitawaambia ilivyozaliwa, na mkitaka kunikatiza mnikatize kwa swali, si kwa kicheko.

Jengo hili sisi tuliliita Nyumba ya Kodi. Serikali ya kikoloni ililijenga kwa mawe ubavuni mwa mlima, juu ofisi, na chini, nusu ndani ya udongo, chumba hiki. Waliokosa kodi ya kichwa walifungiwa humu mpaka ndugu zao walipokuja kuwakomboa. Ndiyo maana madirisha haya yako sawa na vifundo vya miguu ya wapita njia. Na ndiyo maana, siku hizo, makomeo yake yalikuwa upande wa nje. Aliyejenga hakuwa na wasiwasi na mtu wa nje kuingia. Wasiwasi wake ulikuwa mtu wa ndani kutoka. Naomba mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu sisi hatukulikumbuka.

Uhuru ulipokuja chumba kilibaki kitupu kwa muda, kisha watu wa Kwezinga wakakipa kazi iliyo bora kuliko ile ya kwanza. Baada ya mavuno kila nyumba ilichagua maharage yake mazuri kuliko yote, ikayachanganya na majivu, ikayaleta hapa yangoje majira ya kupanda. Maharage ya kula yalikaa nyumbani. Ya mbegu yalikaa hapa, kwani kila mtu alijijua: mbegu ikikaa karibu na jiko, siku ya njaa huwa mboga.

Ufunguo wa mlango ulikuwa na desturi yake. Haukushikwa na mwenyekiti wala na ukoo wowote wa hapa. Ulishikwa na mwanamke aliyeolewa kutoka mbali, kwa hoja kwamba asiye na ukoo hana wa kumpendelea. Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa pia na upande wa pili ambao haukusemwa barazani: mambo yakiharibika, asiye na ukoo hana wa kumtetea.

Mshika ufunguo wa wakati huo alikuwa Bi Mwanahija, mjane wa Kaoneka, aliyekuja kwetu kutoka nyika ya chini akiwa bibi arusi na kuzeekea hapa bila kuacha kuitwa mgeni. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kwa kadiri nilivyomfahamu hakuwa shujaa. Alimwogopa nyoka, aliogopa radi, na alimwogopa wifi yake, Bi Mashavu, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye ulimi wa kukwangulia nazi.

Asubuhi moja ya kiangazi tulikuta dirisha la kwanza limefunguliwa na magunia yaliyokuwa karibu nalo yametoweka. Mwizi hakuvunja kitu. Miti iliyowekwa dirishani badala ya nondo ilikuwa imeoza, kwa sababu kila mvua ilipopita maji yalisimama kizingitini na hakuna aliyeyachimbia njia. Aliing'oa kama mtu anavyong'oa magugu baada ya mvua. Na komeo, kama nilivyosema, lilikuwa nje. Alilivuta kwa ustaarabu, kama mwenye nyumba.

Mkutano uliitishwa. Bwana Shemhilu, mfanyabiashara aliyekuwa na bohari kubwa kule chini sokoni, alisimama akasema kwamba Nyumba ya Kodi haina usalama tena, wezi wameshaijua, na mbegu zote zihamishiwe bohari kwake, naye atachukua fungu dogo la mbegu kwa kuzilinda. Wengine wakasema hapana, aitwe mganga kutoka ng'ambo ya bonde aje kuyazindika madirisha, ili mwizi atakayeyagusa aote mizizi hapo hapo. Mtadhani tulichagua moja kati ya hayo mawili. Kwezinga hatukuwa watu wa kuchagua ujinga mmoja ikiwa ipo miwili. Baadhi walibeba mbegu zao kwa Shemhilu, na waliobaki wakamwita mganga. Shemhilu naye, ili asipitwe, akaizindika bohari yake.

Mganga alitundika juu ya kila dirisha kifurushi kidogo cha kaniki kilichofungwa kwa uzi mweusi. Akaacha sharti moja: chuma kisiyaguse madirisha hayo, wala nyundo isilie karibu nayo, mpaka mbegu zitoke kwenda shambani. Nyundo ikilia, zindiko litakufa, na mvua itakuja na hasira.

Tazameni sharti hilo kwa makini. Maana yake ni kwamba miti iliyooza haikuweza kubadilishwa, kwa sababu kubadilisha kunahitaji msumari. Makomeo hayakuweza kuhamishwa kutoka nje kuja ndani, kwa sababu makomeo ni chuma. Tulikuwa tumeibiwa kupitia tundu, na tumepigwa marufuku kuliziba tundu.

"Lakini Mzee, watu hawakuliona hilo?" Zaina ananiuliza.

Waliliona. Kuona si kazi ngumu. Lakini kila mtu alikuwa akiogopa kwa bidii, na mwenye kuogopa kwa bidii hujihisi amefanya kazi. Tulipita hapa kwa haraka. Tulishusha sauti. Tuliwakataza watoto kuutazama upande huu. Jioni watu waliulizana, "Umesikia kitu?" na asubuhi waliulizana tena. Hofu ya mtaa mzima ilikuwa imewekwa juu ya madirisha haya, na madirisha yalikuwa wazi vilevile.

Bi Mwanahija ndiye aliyekuwa akiingia humu kila siku kuyageuza magunia. Aliona mwanga ukipita kati ya miti. Aliona pia alama za maji ukutani, na alijua kwamba mvua moja ya mawe ikija kutoka msitu wa juu, mtaa utageuka mfereji, na mfereji utaishia hapa. Mbegu ikilowa kabla ya wakati wake huchipuka ndani ya gunia, na iliyochipuka ndani ya gunia haioti shambani. Mbegu nyingine zilikuwa kwa Shemhilu tu, chini zaidi. Mwaka huo Kwezinga ilikuwa na chumba hiki au njaa.

Kwa hiyo akaita msaragambo. Vijana wa siku hizi mnadhani msaragambo ni kufyeka barabara kiongozi anapokuja. Msaragambo ni kazi ya wote kwa faida ya wote, na desturi yetu ilisema kwamba yeyote mwenye shida ya wote anaweza kuuita, mradi apike. Bi Mwanahija alipika. Aliomba kila mwanamke alete jembe lililokwisha, yale ambayo hayalimi tena lakini hakuna anayethubutu kuyatupa. Wachache walileta. Waliyaleta yamefichwa chini ya kuni, na hawakukaa kula. Mhunzi akayafua yakawa nondo, makomeo na tumbuu za kupokelea makomeo. Fundi seremala aliombwa aje apigilie. Akasema anaumwa mgongo. Mgongo huo ulipona mvua zilipokwisha.

Basi siku ya kazi Bi Mwanahija alikuja peke yake, mchana kweupe, na nyundo kikapuni. Mimi nilikuwa huko juu, ambako ofisi ilikuwa imegeuzwa mahakama, karani kijana, nimekaa mbele ya dirisha lililotazama mtaani. Nilimwona akisimama mbele ya dirisha la kwanza. Alisimama muda mrefu. Kisha akakitungua kile kifurushi cha kaniki, akakiweka ndani ya ungo aliokuja nao, akautua ungo pembeni ya njia kwa adabu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwenye chake atakikuta hapa." Akachukua nyundo.

Mlio wa kwanza ulifika sokoni. Nadhani ulifika hata ng'ambo ya bonde.

Alifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa siku ile mkoloni alipoondoka. Alitoa miti iliyooza, akatia nondo. Akapigilia mpira wa tairi kuuzunguka ubawa ili maji yasipenye. Akaling'oa komeo la nje, akaingia ndani na kulifunga la ndani. Mbele ya kizingiti alipanga mawe na kuchimba mfereji mdogo wa kuyapeleka maji pembeni. Alimaliza dirisha la kwanza, akamaliza la pili, kila kifurushi kikiingia katika ungo ule ule. Alipofika la tatu, mbingu juu ya msitu ilikuwa imegeuka rangi ya chungu cha zamani.

Mnajua watu walivyosema. Nyundo imelia, mvua inakuja. Hakuna aliyekumbuka kwamba mvua za mawe huja kila kiangazi kinapoisha, nyundo ilie isilie. Walipanda kutoka sokoni, wakatoka majumbani, mbele yao Bwana Shemhilu akiwa amevaa kanzu nyeupe na koti. Bi Mwanahija alipowaona aliingia humu ndani na kuufunga mlango kwa ufunguo. Hapo alibakiwa na dirisha moja tu ambalo halijafungwa, na ndilo lililokuwa mdomo wake.

Hapo nilishuka. Ilikuwa haki ya karani kushuhudia.

Kuzungumza na mtu aliye ndani ya chumba hiki kulikuwa na taratibu zake. Dirisha liko sawa na vifundo vya miguu. Shemhilu alijaribu kuzungumza amesimama, na jibu likaja kutoka kwenye viatu vyake. Akainama. Haikutosha. Mwishowe, mbele ya mtaa mzima, alipiga magoti mavumbini katika kanzu yake nyeupe.

"Mama Kaoneka," alisema, "toka nje. Toa ufunguo. Hakuna atakayekugusa."

"Kama hakuna atakayenigusa, ufunguo mnautakia nini?"

"Tuzihamishe mbegu kabla ya mvua. Bohari ipo."

"Bohari yako iko chini kuliko hapa, Bwana Shemhilu. Maji yanayopita kwangu yanakwenda wapi, kama si kwako?"

"Bohari yangu imezindikwa!"

"Na hapa palizindikwa. Na mwanga ulikuwa ukipita."

Bi Mashavu alijipenyeza mpaka mbele. "Wifi!" alipiga kelele. "Ulikuja mtaa huu na kikapu kimoja na kuku mwenye jicho moja. Leo unatuvunjia kinga yetu? Huogopi wewe? Huna hata chembe ya woga?"

Jiwe la kwanza la mvua lilianguka juu ya bati la mtu fulani, likalia kama risasi.

"Naogopa, wifi," ilijibu ile sauti ya chini kutoka ardhini. "Nimeogopa tangu siku tulipoibiwa. Niliogopa asubuhi nikiitazama miti, niliogopa jioni nikiitazama tena, na nyinyi mkaniunga mkono, tukaogopa pamoja, mtaa mzima. Na dirisha likabaki wazi. Hofu si komeo. Ingekuwa komeo, chumba hiki kingekuwa na makomeo mengi kuliko benki."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Shemhilu alisema jambo kuhusu laana. Mawe ya mvua yakaanza kuanguka kwa wingi, na watu wakakimbilia vibarazani. Yeye alibaki kidogo kwa ajili ya heshima, kisha akakumbuka bohari yake na kuteremka mlima kwa mwendo ambao sikuutarajia kwa mtu wa umbo lake.

Maji yalikuja baada ya mawe. Yalikuja yakiwa mekundu, yamebeba majani na vijiti, yakiujaza mtaa kutoka ukuta hadi ukuta. Dirisha la kwanza lilishika. La pili lilishika. La tatu ubawa wake ulikuwa umevimba kwa unyevu, na ulikataa kuingia katika fremu. Bi Mwanahija aliuvuta kutoka ndani, nao ukabaki na nafasi ya vidole, na komeo halikufikia tumbuu.

"Mmoja wenu asukume!" aliita. "Mmoja tu! Asukume kutoka nje, nami nifunge!"

Watu walitazama ule ungo pembeni ya njia, ambao sasa ulikuwa ukielea. Hakuna aliyesogea. Kusukuma kulikuwa ni kugusa dirisha.

Nilimwona Bi Mashavu akifunga kanga kiunoni. Aliingia katika maji akitukana. Aliyatukana maji, akamtukana marehemu kaka yake kwa kuoa mbali, akamtukana mganga. Alikaa chini kabisa, maji yakimpiga kifuani, akaikita miguu yote miwili juu ya ubawa.

"Sikusukumi kwa kukupenda, wifi!"

"Sukuma hata kwa kunichukia! Dirisha halijui!"

Alisukuma. Ndani nyundo ililia, na komeo likaingia katika tumbuu. Mlio huo ninausikia hata sasa, na mimi si mtu wa kusikia vitu ambavyo havipo.

Baada ya hapo Bi Mwanahija alimfungulia wifi yake mlango, ulio upande ambao maji hayakufika, wakakaa pamoja juu ya magunia mpaka mvua ilipokwisha. Waliyozungumza humo siyajui. Wapo wanaoyasimulia. Hawakuwepo.

Sasa mambo mawili ya mwisho, kwa maana wasimuliaji wengine wameyaharibu. Kwanza, wanasema radi ilishuka ikavipiga vile vifurushi. Radi ilipiga mgomba wa mtu, basi. Vifurushi vilisombwa na maji, kimoja kikafumuka, nami nilikiokota kwenye nyasi za chini. Ndani mlikuwa na kucha za kuku, mkaa, na maharage. Yalikuwa maharage yetu, yenye majivu yetu. Yaliingiaje humo sijui, na nisichoweza kuthibitisha sikisemi.

Pili, wanasema bohari ya Shemhilu ilibomoka kwa laana. Haikubomoka. Iliingia maji, kama inavyotarajiwa kwa jengo lililo chini, lenye madirisha mabovu. Mbegu zilizopelekwa kule zilichipuka ndani ya magunia, zikawa nzuri kutazamwa na hazikufaa kwa lolote. Wenyewe walikuja hapa mlangoni wakiinamisha nyuso. Bi Mwanahija hakuwahubiria. Aliwagawia kutoka katika magunia makavu, na yeye akamdai kila mmoja jembe kuukuu. Majembe hayo ndiyo nondo za shule yenu ya msingi. Kayatazameni, baadhi bado yana tundu la mpini.

Wezi walirudi pia, kabla ya kupanda. Asubuhi tulikuta ubawa wa dirisha la pili umechunwa, na mtaimbo umeachwa njiani, umepinda. Bi Mwanahija aliuokota, akamwambia mhunzi aunyooshe, akaufanya pingo la mlango. Ule pale nyuma yako, Kihiyo. Umekuwa ukiutundikia koti.

Hiyo ndiyo asili yake. Sasa rudia ulivyomwambia Zaina asubuhi.

"Nilimwambia asiwe mwoga," anasema Kihiyo.

Na ukatumia maneno ya mwanamke aliyekiri woga wake mbele ya mtaa mzima. Hakusema tusiogope. Alisema kuogopa hakutoshi. Zaina aliogopa, kisha akataja mbao, bawaba na misumari. Wewe hukuogopa, na hukutaja kitu. Kati yenu wawili, mwizi angemchagua nani?

Naona mwanga umepungua humu ndani, na nikitazama nje sawa na vifundo vya wapita njia, naona vifundo vinakwenda haraka. Juu ya msitu patakuwa pamegeuka rangi ya chungu.

"Mzee," anasema Kihiyo, akiinuka, "nyundo iko wapi?"

Iko pale ilipoachwa na mwenyewe, nyuma ya mlango, chini ya mtaimbo. Na hilo ndilo swali la kwanza la maana ulilouliza tangu asubuhi. Nenda nje ukasukume. Zaina atafunga kutoka ndani. Hofu si komeo.